CMT ilivyofungiwa mlango Kanada ikarudi na asilimia 20: kisa kizima cha chaneli ya country

Mashabiki wa country huku kwetu wapo wengi kuliko watu wanavyodhani, nenda Kenya uone, kuna mzee anamjua Jim Reeves na Kenny Rogers na Dolly Parton kuliko anavyomjua diwani wake, na Kenya hiyohiyo imetoa msanii wa country kabisa, Elvis Otieno, wenyewe wanamwita Sir Elvis. Sasa swali la hawa ndugu zetu huwa ni moja, mbona huu muziki una watu hivi halafu chaneli yake siioni kwenye king'amuzi changu? Wengi wanajijibu kwamba labda hauna soko, basi nikachukua kisa kimoja ambacho soko lilikuwepo, watazamaji walikuwepo, chaneli ilikuwepo miaka kumi nzima, na bado siku moja ikazimwa. Ni CMT, yaani Country Music Television, chaneli ya Kimarekani ya vidio za country, na yaliyoikuta nchini Kanada, 1994 mpaka 1996. Kisa kirefu kidogo ila kina utamu wake, kaa nacho.

CMT ilienda hewani tarehe 5 Machi 1983. Jina la kwanza lilikuwa CMTV, aliyeianzisha anaitwa Glenn D. Daniels, na mitambo ya kurusha mawimbi kwenda kwenye setilaiti ilikuwa Hendersonville, mji mdogo nje kidogo ya Nashville, makao makuu ya muziki wa country, jimbo la Tennessee, Marekani. Siku mbili tu baadaye, tarehe 7 Machi, ikazinduliwa nyingine ya country hapohapo Nashville, The Nashville Network, wenyewe wakiita TNN. Yaani miaka yote hakuna hata moja halafu wiki moja zinatoka mbili.

Ila usidhani zilikuwa sawa. TNN ilikuwa na wenye hela nyuma yake, kampuni iliyokuwa na ukumbi maarufu wa country wa Grand Ole Opry na redio ya WSM upande mmoja, na Group W, mkono wa kampuni kubwa ya Westinghouse wa mambo ya setilaiti, upande mwingine, kwa hiyo siku ya kwanza tu inawaka ilikuwa tayari inafika nyumba kama milioni 7 maana mikataba na watu wa kebo ilishasainiwa kabla. TNN ilikuwa na studio, watangazaji, vipindi vya mahojiano, mashindano, kila kitu. CMTV yeye alikuwa na vidio tu. Vidio masaa 24, ikiisha hii inaingia ile, na mwanzoni lebo za Nashville, yaani kampuni zinazorekodi wasanii, zilikuwa hazitengenezi vidio nyingi kwa hiyo mtazamaji anakutana na wimbo uleule asubuhi mchana jioni. Halafu MTV, chaneli kubwa ya vidio za muziki ya Marekani ambao walikuwa hewani tangu Agosti 1981, wakaja na malalamiko kwamba jina CMTV linafanana mno na lao, jamaa wakaona isiwe tabu wakakata herufi ya mwisho, ndio ikawa CMT mpaka leo.

Watu wanajiuliza CMT alisurvaivu vipi mbele ya TNN. Jibu ni gharama. Chaneli ya vidio hainunui bidhaa, lebo ndiyo inalipia kutengeneza vidio halafu inaleta bure au karibu na bure kwa sababu kwake ni tangazo la kuuza albamu. Wewe kazi yako ni kukodi nafasi kwenye setilaiti, kupanga kanda, na kumbembeleza mwenye kebo akuweke. Hicho cha mwisho ndicho kinachoua chaneli nyingi, na huko ndiko kisa chetu kinakoelekea.

Januari 1991 CMT ikanunuliwa na walewale wa TNN, yaani Gaylord (ambao walishachukua Opry na TNN miaka ya 80) pamoja na Group W. Wakainunua kwa wakati mzuri mno, maana mwaka huohuo biashara ya country ikalipuka, Garth Brooks anauza kama wa pop, mwaka unaofuata Billy Ray Cyrus anawachezesha watu kwa kupanga mistari (line dance) mpaka kwenye harusi, na kila msanii mpya wa Nashville sasa ana vidio na sura ya kuuza. CMT ikavuka bahari, Oktoba 1992 CMT Europe ikazinduliwa. Kwa kifupi hii chaneli ilikuwa kwenye kilele.

Twende Kanada sasa.

Kanada ni jirani, country wanaipenda kweli, hasa kule nyanda za magharibi, Alberta na Saskatchewan, wafuga ng'ombe na wakulima wa ngano, kule kofia ya cowboy ni vazi la kawaida. Lakini Kanada ina tatizo lake la siku zote, ana jirani mkubwa anaongea lugha ileile na ana pesa mara kumi, ukiacha mlango wazi watoto wako wote wanakua wanatazama vya jirani. Kwa hiyo wana mamlaka yao ya utangazaji inaitwa CRTC, na CRTC ina orodha. Kampuni ya kebo ya Kanada hairuhusiwi kumsambazia mteja chaneli ya nje kama haimo kwenye ile orodha. Setilaiti inaweza kumwaga mawimbi mpaka kwenye paa la kituo cha kebo Toronto, dishi linayapokea safi kabisa, lakini fundi haruhusiwi kuyaunganisha kwenye waya unaokwenda kwa wateja. Hapo ndipo lilipo geti.

CMT iliingia kwenye orodha 1984, mwaka mmoja tu tangu izaliwe. Na hapa kuna kipengele ambacho watu wengi wakisimulia hiki kisa wanakiruka na mimi naona ndicho kiini cha yote: kuingia kulikuwa na masharti yanayojulikana. CRTC walikuwa na sera ya wazi kwamba tunakuruhusu wewe wa nje kwa sababu hatuna wa kwetu wa aina yako, siku tukimpa leseni Mkanada mwenye chaneli inayoshindana na wewe moja kwa moja, unaweza kutolewa. CMT walilijua hilo. Wakafanya biashara miaka kumi wakiwa wapangaji ambao mwenye nyumba alishawaambia mwanangu akioa anahamia hapa.

Mfano wa sera hiyohiyo ulikuwa mbele ya macho yao. MuchMusic, chaneli ya vidio za muziki ya Toronto, ilizinduliwa 1984, na kwa sababu ilikuwepo, MTV ya Marekani hakupata nafasi kwenye orodha. Kwa hiyo yule MTV aliyewabadilisha jina CMT alikuwa nje ya geti, na CMT mdogo alikuwa ndani. Dunia ina vituko.

Tarehe 6 Juni 1994 mtoto akaoa. Siku hiyo CRTC ilitangaza leseni za chaneli mpya kadhaa za Kanada kwa mpigo, Discovery ya Kanada, Bravo, Showcase, Life, chaneli ya wanawake WTN, na katikati yao ya muziki wa country iliyokuja kuitwa New Country Network, NCN. Katika uamuzi huohuo wakaandika kwamba CMT inatoka kwenye orodha pindi NCN itakapoanza. Wakati huo CMT ilikuwa inafika kwenye nyumba karibu milioni mbili za Wakanada.

TNN haikuguswa. TNN ni ndugu yake CMT, mwenye mali ni mmoja, mji ni mmoja, lakini TNN ilikuwa ya vipindi mchanganyiko, kwa hiyo haikuhesabiwa kama mshindani wa moja kwa moja wa chaneli ya vidio. Kwa hiyo hoja kwamba Kanada ilikuwa inafukuza country ya Kimarekani haisimami, mtu wa Calgary kule Alberta aliendelea kuona Nashville kila siku. Kilichofukuzwa ni muundo wa biashara, vidio zisizokatika, maana ndio huohuo NCN alitaka kuufanya.

CMT wakaenda mahakamani. Wakashindwa mahakama ya rufaa ya shirikisho, wakajaribu kupanda Mahakama Kuu kabisa ya Kanada, ikakataa hata kuwasikiliza. Na kisheria sioni walitarajia nini, masharti yalikuwa wazi na tume ilitumia mamlaka iliyopewa. Kama mtu ananiuliza nani alikuwa na haki kwenye makaratasi, ni Kanada, mchana kweupe.

Ila subiri uone namna walivyolitekeleza.

Tarehe 1 Januari 1995 zile chaneli mpya zikawaka zote siku moja. Mtu amelala mwaka wa zamani akiwa na CMT, anaamka mwaka mpya anawasha tivii anakuta NCN, na hajapigiwa hata simu ya kuulizwa anaonaje. Na bahati mbaya zaidi, siku zilezile kampuni kubwa ya kebo, Rogers, ilikuwa inauza hizo chaneli mpya kwa ule mtindo wa kwamba tumekuwekea tayari, usipopiga simu kukataa tunakukata hela. Wakachanganya chaneli watu walizozizoea na hizi mpya kwenye kifurushi kimoja, ukitaka kubaki na ulichokuwa nacho unabeba na usichokitaka. Watu walicharuka, hasa kule British Columbia, simu haziingii, wateja wanatishia kukata waya, wanasiasa wanaruka juu ya meza, na Rogers ndani ya muda mfupi wakarudi nyuma wakaomba radhi.

Sasa unganisha: NCN ilikuwa ya nani? Ya Rawlco, watu wa redio wa Saskatchewan, na Maclean Hunter, kampuni ya vyombo vya habari na kebo. Halafu mwaka huohuo wa 1994 Rogers wakaimeza Maclean Hunter. Yaani mwenye waya unaoingia sebuleni ndiye pia ana hisa kwenye chaneli iliyopewa kiti cha chaneli iliyotolewa. Sisemi kulikuwa na njama, leseni iliombwa kwa utaratibu na kusikilizwa hadharani, lakini mtazamaji wa kawaida ukimweleza hivyo mwezi uleule ambao bili yake imepanda bila kuulizwa utamlaumu akisema hapa kuna mchezo? Hoja nzuri ya utamaduni ikavalishwa nguo za mfanyabiashara wa kebo na ikaonekana mbaya.

Upande wa pili nao hawakuwa malaika. CMT kule Nashville wakachukua hatua ambayo mimi naiona chafu kuliko zote kwenye hii stori: wakatangaza wanaacha kupiga vidio za wasanii wa Kanada ambao hawana mkataba na lebo ya Marekani. Soma tena hiyo. Msanii kama Shania Twain wa Ontario, ambaye tayari alikuwa na lebo ya Nashville, huyo hana shida, vidio zake zinaendelea. Anayeumia ni yule bendi ya Alberta yenye lebo ndogo ya nyumbani, ambaye CMT ilikuwa dirisha lake pekee la kuonekana Marekani, na ambaye hakuandika barua yoyote CRTC kuomba CMT ifukuzwe. Ugomvi wa mamlaka na kampuni, viboko anachapwa mpiga gitaa. Na ni hesabu ya makusudi, walijua wale wenye lebo kubwa wakiguswa Nashville yenyewe itapiga kelele.

Sawa, mahakama imegoma, wasanii wameshikwa mateka, bado Kanada haijatikisika. Ikabaki mlango wa Washington. Desemba 1994, siku chache kabla ya ile zamu ya mwaka mpya, CMT wakapeleka malalamiko kwa ofisi ya mwakilishi wa biashara wa Marekani, wakati huo ni Mickey Kantor, wakitumia kifungu cha 301 cha sheria ya biashara ya 1974. Hicho kifungu ni rungu. Kinamruhusu Marekani akiona nchi fulani inaibana kampuni yake isivyo haki aichunguze mwenyewe, ahukumu mwenyewe, na aiadhibu mwenyewe kwa ushuru au vizuizi. Februari 1995 Kantor akafungua uchunguzi rasmi.

Hapa lazima nieleze NAFTA kidogo maana bila hiyo mtu ataona Kanada ilikuwa imejichanganya. Mkataba wa NAFTA, wa biashara huria kati ya Kanada, Marekani na Meksiko, ulianza 1 Januari 1994, na Kanada ilipigana mno ipate kinga ya sekta za utamaduni, tivii, filamu, magazeti, muziki, ikapata, kinga ileile iliyokuwa kwenye mkataba wao wa kwanza na Marekani wa miaka ya 80. Wanasiasa wa Kanada wakarudi nyumbani wanashangilia tumelinda utamaduni wetu. Wasichokisema kwa sauti ni kwamba chini yake kuna sentensi nyingine, kwamba upande ulioumia kwa kinga hiyo una haki ya kulipiza kwa hatua zenye uzito sawa wa kibiashara. Kwa hiyo ruhusa ipo, na bei yake ipo palepale. Unaweza kumtoa CMT, na jirani anaweza kukutoza kwa bidhaa yako nyingine yoyote yenye thamani hiyohiyo, chagua mwenyewe kama utamaduni wa vidio za country unastahili kulipiwa na mtu wa sekta nyingine ambaye hajui hata NCN ni nini. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu inayopaswa kusomwa na kila wizara ya utamaduni inayokwenda kusaini mkataba wa biashara popote pale, kinga isiyokuwa na ukuta nyuma yake.

Marekani ikaanza kutengeneza orodha ya kulipiza, tarehe ikawekwa, na Juni 1995 dakika za lala salama wahusika wakatoka na habari kwamba wameelewana kimsingi. Makubaliano yalikuwa hivi: CMT anaingia ndani ya NCN kama mwanahisa mwenye asilimia 20, ambayo ndiyo ilikuwa juu kabisa ya kile sheria ya Kanada ilichoruhusu mgeni kushika moja kwa moja kwenye kampuni yenye leseni ya utangazaji, na sheria ikija kulegea ataweza kupanda mpaka karibu theluthi. Na chaneli itaitwa CMT. Vidio za Wakanada zikarudishwa hewani Nashville.

Kuelewana kimsingi na kusaini ni vitu viwili, mtu yeyote aliyewahi kununua kiwanja anajua. Miezi ikapita mkataba wa mwisho hauji, wanavutana kwenye masharti, mpaka Februari 1996 Washington ikatoa uamuzi rasmi kwamba ndiyo, kitendo cha Kanada kilikuwa cha kibaguzi na tuko tayari kulipiza. Rungu likainuliwa tena, na Machi 1996 mkataba ukasainiwa. NCN ikafa jina, ikazaliwa CMT Kanada.

Ngoja tuhesabu nani alipata nini hapo, maana magazeti ya pande zote mbili yaliandika kama vile wao ndio wameshinda.

CMT alitoka kwenye kuwa chaneli ya nje yenye mapato yake yote mfukoni akawa mwanahisa mdogo wa asilimia 20 kwenye chaneli yenye jina lake. Ukiitazama haraka ni hasara. Lakini alipata kitu ambacho hakuwa nacho 1984, akawa ndani ya leseni ya Kikanada, huwezi tena kuondoa chaneli ya Kanada kwenye orodha ya chaneli za nje. Upangaji ukageuka ubia. Mimi ningekuwa yeye ningesaini.

Kanada kama serikali ilibaki na alichokitaka kwenye maandishi, chaneli ya country yenye wamiliki wengi Wakanada, inayolazimika kupiga sehemu fulani ya vidio za nyumbani na kutenga fungu la mapato kusaidia wasanii wa Kanada watengeneze vidio. Hilo la fungu usilidharau. Vidio nzuri ni ghali, na bendi ya Saskatchewan ikipata msaada wa kulipia kamera na mwongozaji ndiyo inapata kitu cha kupeleka kwenye chaneli yoyote duniani. Kama kuna hoja moja ya kweli ya kuitetea CRTC kwenye sakata zima ni hii, kwa sababu CMT ya Nashville hakuwa na wajibu wowote wa kumlipia mtu vidio.

Lakini jina lililobaki kwenye kona ya skrini ni la Nashville. Na kila afisa wa CRTC sasa alijua kwamba akimtoa tena mgeni kwenye orodha kwa sababu ya mshindani wa nyumbani, simu itapigwa Washington. Hilo ndilo Marekani alilinunua, na alilinunua bila kutoza senti ya ushuru.

Mtazamaji? Mtazamaji alirudishiwa chaneli yenye jina alilolizoea, ikiwa na vidio za Nashville na za kwao, baada ya mwaka na zaidi wa kelele. Kwa bahati tu matokeo yalimfaa. Hakuna hatua hata moja kwenye mnyororo huu, tangu orodha, leseni, mahakama, mpaka Kantor, ambayo ilisimama ikahesabu watu wangapi wa Alberta wanataka CMT. Ile hasira ya bili za Rogers ilimgusa mwenye kebo, haikugusa kiti cha CMT.

Watanzania hili tunalijua kwa uchungu wetu, Agosti 2018 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipoamuru DStv, Azam na Zuku waondoe chaneli za bure za ndani kwa sababu leseni zao zilikuwa za maudhui ya kulipia, watu wakajikuta na visimbuzi viwili sebuleni ili tu waone taarifa ya habari ya ITV. Sababu zilikuwa tofauti kabisa na za Kanada, lakini kutoka kwenye kochi inaonekana hivyohivyo, jana ipo, leo haipo, na kisheria mwenye kuiondoa yuko sahihi.

Sasa watu wa biashara ya chaneli mkinisoma, kuna kitu hapa cha kuchukua. Ukiingia kwenye soko la nje kwa ruhusa yenye sharti, siku unayoingia ndiyo siku ya kutafuta mwenyeji wa kuingia naye ubia. CMT alikuwa na miaka kumi ya kufanya hivyo kwa utulivu, angeweza kuwafuata haohao Rawlco mapema, wakaomba leseni pamoja wakiwa hawana bunduki kichwani. Alisubiri mpaka amewekwa nje, halafu akalazimika kuita serikali yake, akawaumiza wasanii, akalipa mawakili, na mwisho akapata hisa kiasi kilekile ambacho sheria ilikuwa inaruhusu tangu mwanzo. Kuna watakaosema bila rungu Wakanada wasingempa hata hizo. Inawezekana. Ila waombaji wa leseni huwa wanapenda sana jina linalojulikana, na mwaka 1993 hakuna jina la country kwenye tivii lililokuwa kubwa kama hilo.

Na ukitaka kuona kwamba kuwa hewani na kuwepo ni mambo tofauti hata bila mamlaka kukugusa, tazama Ulaya. CMT Europe hakufukuzwa na mtu. Hakukuwa na CRTC wala orodha, setilaiti inamwaga, dishi linapokea, lakini watazamaji hawakutosha kulipia gharama. Mwaka 1997 Westinghouse, ambao walishainunua CBS, mtandao mkubwa wa tivii wa Marekani, wakachukua TNN na CMT kutoka Gaylord kwa mkataba wa zaidi ya dola bilioni 1.5, ila chaneli za CMT za kimataifa zikabaki kwa Gaylord, na tarehe 31 Machi 1998 CMT Europe ikazimwa. Kanada kwenye vita chaneli ilibaki, Ulaya kwenye amani ilikufa.

TNN nayo ilipofika kwa Viacom, kampuni kubwa ya Marekani ya vyombo vya habari, ikavuliwa country yote, ikawa The National Network, 2003 ikaitwa Spike, sasa ni Paramount Network, hakuna hata harufu ya Opry. CMT Kanada ikaja kuwa chini ya Corus, kampuni ya utangazaji ya Kanada, Viacom akiwa mwanahisa mdogo, na taratibu Corus wakawa wanaenda CRTC kuomba wapunguziwe kiwango cha vidio walichoahidi, wakapunguziwa, wakaomba tena, wakapunguziwa tena, saa za vidio zikaliwa na vichekesho vya familia vya marudio, mpaka kufikia mwishoni mwa miaka ya 2010 muziki ukawa umetoka kabisa. Ile chaneli iliyokaribia kuleta vita ya ushuru kati ya nchi mbili kwa ajili ya nani apige vidio za country, ikawa haipigi vidio za country.

Orodha yenyewe bado ipo na bado ina meno, Machi 2022 CRTC iliitoa RT ya Urusi kwa sababu ya vita ya Ukraine. Safari hiyo Washington hawakupiga simu.